Orodha Tumeisikia, Bei Je?

Orodha umeisikia. Septemba 2025 kila taarifa iliisoma: Shirika la Afya Duniani limeiingiza semaglutaidi, ile iliyomo ndani ya Ozempic, pamoja na wenzake watatu, katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili wenye ugonjwa wa moyo au figo pamoja na unene uliopitiliza. Vizuri. Bei je?

Dawa hizi hujifanya homoni ya utumbo. Ukila, utumbo hulibishia hodi kongosho litoe insulini, na ubongo huambiwa umeshiba. Semaglutaidi nayo inabisha hodi hiyohiyo, wiki nzima, kwa sindano moja. Mengine watakueleza madaktari. Sisi tunauliza bei.

Shirika lenyewe limekiri kwamba bei kubwa inawafungia watu mlango. Limekiri, sawa, ila kukiri peke yake hakupunguzi hata senti. Tazama insulini: iligunduliwa Toronto mwaka 1921. Wagunduzi wake waliuza haki zao kwa dola moja moja. Dola moja! Na bado, duniani, nusu ya wagonjwa wa aina ya pili wanaoihitaji hawaipati.

Sasa kampuni ya Eli Lilly inajaribu retatrutaidi, ndugu wa semaglutaidi, inayoiga homoni tatu kwa mpigo. Katika majaribio yaliyochapishwa 2023, waliopewa dozi ya juu walipoteza karibu robo ya uzito wao kwa wiki 48. Majaribio hayajaisha, idhini haijatolewa, na tayari mitandaoni kuna vichupa vinavyouzwa kwa jina lake. Aliyeshindwa bei ya famasi ndiye mteja wa vichupa hivyo. Bei, tena bei.

Basi tusikilizane. Mwisho wa hataza ya semaglutaidi India ni mwaka 2026, na India ndiko zinakotoka dawa nyingi za maduka yetu. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, waiteni wenye viwanda walete maombi ya usajili leo, msingoje kesho! Bohari ya Dawa, ninyi ndio mliopewa kuratibu ununuzi wa pamoja wa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika: iwekeni dawa hii mezani, mnunue kwa wingi, mpatane bei! Watu wa bima, semeni mnalipa au hamlipi! Nawe msikilizaji, ukienda kliniki ya kisukari wiki hii, usione haya. Uliza bei. Uliza kwa sauti, foleni nzima isikie.