Hotuba ya Vijana wa Kanisa Waliotumika Kitui na Makueni



Tulikwenda Kitui na Makueni kwa nia ya kuwasaidia wenye dhiki ya maji. Tulirudi tukiwa wanafunzi wao. Mito ya huko, kama Tiva na Kaiti, hukauka sehemu kubwa ya mwaka, lakini chini ya mchanga wake maji hubaki. Ukuta wa mawe na saruji ukijengwa juu ya mwamba, ukaukingama mto, mafuriko huleta mchanga yakaujaza nyuma yake. Na mchanga huo huyahifadhi maji, jua lisiyakaushe.

Tuliwakuta akina mama wa mwethya, ndio ushirika wa kazi wa Wakamba tangu zamani, wamekwisha kukusanya mawe. Siku ya kwanza mikono yetu ilitoka malengelenge. Wao waliimba tu. Mzee mmoja akatuuliza kwa upole nauli yetu ingalinunua mifuko mingapi ya saruji. Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo twakiomba chama hiki: mwaka ujao saruji itangulie, nasi tufuate, tena wachache, tukae mpaka ukuta uishe.