Wimbo wa Machozi Ulioitwa Mchuzi

Kila aliyepita darasa la kwanza kwetu anakumbuka jinsi tulivyofundishwa kusoma kwa kuimba: a, e, i, o, u, ba, be, bi, bo, bu. Watoto wa Japani nao wana wimbo wao wa kusomea, na unafanana na wetu kiasi cha kushangaza: a, i, u, e, o, ka, ki, ku, ke, ko. Irabu ni zile zile tano, ila mpangilio ndio tofauti. Kwetu "u" ndiyo inayofunga mlango, kwao imekaa katikati. Ndiyo maana Mswahili hapati taabu kutamka Nagasaki au Yokohama.

Kwa mpangilio huo wa silabi Wajapani hupanga kamusi zao, orodha za majina ya watu, na hata nyimbo. Kabla ya kuja mitambo ya kuchagulia kwa kidole, kila chumba cha karaoke kilikuwa na kitabu kinene, na humo nyimbo zilipangwa kwa silabi ya kwanza ya jina. Unayetaka kuimba unafungua ukurasa wa silabi yako, unasoma namba, unaipa mashine, kisha unashika kipaza sauti.

Leo naomba tufungue pamoja ukurasa wa "u". Humo yumo Usagi to Kame, yaani Sungura na Kobe, wimbo wa watoto wa mwaka 1901 unaosimulia mbio zile zile tunazozijua sisi. Lakini nitasimama kwenye nyimbo nyingine tatu, kwa sababu zinatuhusu sisi tunaofanya kazi ya redio, na zinakuhusu wewe unayetusikiliza.

Wa kwanza ni Umi Yukaba, yaani Nikienda Baharini. Maneno yake ni ya kale sana. Yametoka katika Man'yoshu, mkusanyiko wa mashairi wa karne ya 8, na yanahusishwa na mshairi Otomo no Yakamochi. Ni kiapo cha mtu aliye radhi kufa kwa ajili ya mfalme wake, iwe majini au milimani. Mwaka 1937, Japani ilipoingia vitani na China, redio ya taifa, NHK, ilimwomba mtunzi Nobutoki Kiyoshi ayatilie maneno hayo muziki. Akatunga muziki wa taratibu na wenye heshima, mithili ya wimbo wa ibada.

Kisha vita ikapanuka. Jeshi lilipopata ushindi, redio ilitanguliza muziki wa gwaride. Lakini ilipobidi kutangaza kwamba kikosi fulani katika kisiwa fulani kimeteketea chote, taarifa ilitanguliwa na Umi Yukaba. Hebu fikiria, msikilizaji, mama aliyekuwa na mtoto vitani. Kabla mtangazaji hajafungua kinywa, sauti za mwanzo tu za muziki zilikwisha kumwambia kwamba leo kuna msiba. Na papo hapo muziki huo huo ulimwambia namna ya kuupokea: asiulize nani aliyempeleka mwanawe kule, bali aone fahari. Shairi lililokaa kitabuni zaidi ya miaka 1,000 likageuzwa kuwa kazi ya idara ya habari.

Wimbo wa pili ni Umi tu, yaani Bahari. Ni wimbo mfupi wa watoto uliochapishwa katika kitabu cha nyimbo cha shule za msingi mwaka 1941. Mtoto anastaajabia ukubwa wa bahari, anatazama mawimbi, na mwishowe anatamani kupanda meli akaone nchi za ng'ambo. Mwezi Desemba mwaka huo huo, meli za kivita za Japani zilikwenda ng'ambo kweli, zikapiga Pearl Harbor. Baadhi ya watu wanauona wimbo huu nao kuwa umebeba ndoto za dola. Wengine wanauona ni wimbo wa mtoto na bahari, basi. Lililo hakika ni kwamba unaimbwa mpaka leo, na wazazi hawaoni haya kuwafundisha watoto wao. Umi Yukaba, kwa upande wake, umebaki mzito vinywani. Nyimbo mbili, bahari ile ile, silabi ile ile. Iliyozitenganisha ni kazi zilizofanyishwa.

Sasa tuje kwenye wimbo wa tatu, ambao wengi wenu mmewahi kuusikia bila kujua kwamba mahali pake ni ukurasa huu. Jina lake ni Ue o Muite Aruko, yaani Tutembee Tukitazama Juu. Ulitoka mwaka 1961. Maneno ni ya Ei Rokusuke, muziki ni wa Nakamura Hachidai, na mwimbaji ni Sakamoto Kyu, kijana aliyezaliwa tarehe 10 Desemba 1941, siku chache tu baada ya shambulio lile la Pearl Harbor.

Wimbo wenyewe unasikika mwepesi, tena ndani yake mwimbaji anapiga mluzi. Lakini mtu anayeimbwa humo anatembea peke yake usiku, na anatazama juu ili machozi yasimdondoke. Huzuni hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1960 Japani ilitikiswa na maandamano makubwa ya kupinga mkataba mpya wa ulinzi kati yake na Marekani. Tarehe 15 Juni mwaka huo mwanafunzi mmoja wa kike alikufa katika vurugu mbele ya Bunge. Mkataba ukapita hata hivyo. Ei alikuwa miongoni mwa walioandamana, na inaelezwa kwamba maneno ya wimbo yalitokana na uchungu wa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mkuu mmoja wa kampuni ya sahani za santuri ya Uingereza aliupenda wimbo huu, akataka bendi ya Kenny Ball iupige bila maneno. Lakini aliona jina lake litawashinda Waingereza. Akatafuta neno la Kijapani jepesi kukumbukika, akapata Sukiyaki. Na sukiyaki ni nini? Ni chakula: vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vinavyopikwa mezani katika sufuria, kwa sosi ya soya na sukari. Kwa lugha ya mkato, ni mchuzi wa nyama. Wimbo hauna nyama wala sufuria.

Mwaka 1963 santuri ya Sakamoto mwenyewe ikafika Marekani kwa jina hilo la chakula. Mtangazaji mmoja wa stesheni ya jimbo la Washington aliipiga, wasikilizaji wakaiulizia, na moto ukaenea. Tarehe 15 Juni 1963 ilishika namba moja katika chati ya Billboard, ikakaa hapo wiki 3. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Kijapani kufika kileleni kule.

Umeiona tarehe hiyo, msikilizaji? Ni miaka 3 kamili, siku kwa siku, tangu mwanafunzi yule afe akipinga mkataba na Marekani. Wamarekani waliimba huzuni iliyotokana na mkataba na serikali yao wenyewe, wakidhani pengine wanaimba sifa za chakula cha jioni. Mwaka 1981 kundi la A Taste of Honey likautia maneno ya Kiingereza ya mapenzi na kufika namba 3, na jina la mchuzi likabaki pale pale.

Wapo watakaosema: bila jina jepesi wimbo usingefika mbali. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Lakini tujiulize: wasikilizaji wale hawakuelewa hata neno moja la wimbo, na bado waliupenda. Kilichowagusa kilikuwa sauti ya kijana yule, wala si jina la chakula. Kutafsiri jina lake kungehitaji maneno machache tu, na mtangazaji angeyasema kwa pumzi moja. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba jambo hilo lina maana.

Tarehe 12 Agosti 1985, ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Osaka ilianguka milimani. Kati ya watu 524 waliokuwamo walinusurika 4 tu. Sakamoto Kyu alikuwa miongoni mwa waliokufa, akiwa na umri wa miaka 43. Na baada ya tetemeko na mawimbi ya tsunami ya Machi 2011, Wajapani waliurudia wimbo wake kuliwaza wafiwa. Hakuna aliyeuita Sukiyaki. Mtu aliyepoteza nyumba na watoto huwezi kumfariji kwa jina la mchuzi. Unamwambia: tutembee tukitazama juu.

Ndugu msikilizaji, wimbo haujichagulii kazi. Aliyeshika kipaza sauti ndiye anayeupa jina, saa na mahali. Anaweza kuufanya tarumbeta ya vifo au kibwagizo cha chakula, na msikilizaji asijue kwamba ametendewa jambo. Kwa hiyo sisi tunaotangaza tuna deni dogo la kulipa kila siku: kutaja wimbo kwa jina lake, kutaja waliouimba na walioutunga, na kusema unahusu nini. Na wewe una haki ya kutudai. Ukisikia wimbo wa kigeni umekugusa moyo, piga simu, andika barua, uliza: hivi kwao unaitwaje?

Kwa leo naishia hapo.