Moyo wa Mzee Unapochelewa



Tuweke vidole viwili juu ya mkono, chini ya gumba, tuhesabu. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, nayo kwa siku moja yapata 100,000. Hakuna kati yetu ayaamuruye. Twalala, nayo yaendelea.

Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, walieleza mahali mapigo yaanziapo. Walikuwa wamepaona kwanza katika moyo wa fuko, mnyama mdogo wa kuchimba ardhi! Ni kipande kidogo cha nyama, juu ya chumba cha kulia cha moyo, pale mshipa mkubwa utokao kichwani na mikononi uingiapo. Chembe zake hujiwashia umeme mdogo zenyewe, bila kungoja ubongo. Mishipa ya fahamu kazi yake ni kuhimiza tukimbiapo na kutuliza tupumzikapo.

Lakini miaka ikipita, chembe hizo hupungua, na nyuzi ngumu huchukua nafasi yake. Ndiyo sababu babu hawezi kupanda kilima pamoja na wajukuu. Moyo wake hauwezi tena kwenda mbio kama wao. Hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mapigo yanapokuwa ya polepole mno, au yanaposimama kwa sekunde kadhaa. Hapo mzee huona kizunguzungu, huchoka bila kazi, hata huzirai. Mungu ameweka pia akiba: sehemu ya katikati ya moyo yaweza kushika kazi, lakini kwa mapigo kama 40 hadi 60 tu.

Sasa, mama mzee akianguka ibadani, twasema nini? Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba ana dhambi aliyoificha. Twawaambia wazi, ndugu, maneno hayo ni ukatili, tena humchelewesha mtu kufika hospitali. Tumwombee, naam, huku gari likitafutwa.

Maana msaada upo. Mwaka 1958, huko Stockholm, Arne Larsson alikuwa mtu wa kwanza kutiwa mwilini chombo cha kuuamsha moyo kwa umeme. Cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu. Alibadilishiwa vyombo zaidi ya 20, akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86. Daktari aliyempasua na fundi aliyekitengeneza walimtangulia kufa.

Mkimpeleka mzee kwa daktari, chukueni dawa zake zote, hata zile za presha, kwa kuwa baadhi yake hupunguza mwendo wa moyo. Na aliyemwona akianguka aende naye, aeleze alivyoona.