Hotuba juu ya Maradhi ya Damu ya Punda na Farasi, na Dawa Zake



Leo twataka kusema nanyi habari ya vidudu viingiavyo katika damu ya punda na farasi, na dawa za kuviua. Huenda mmoja wenu akauliza: Habari ya farasi yatuhusu nini sisi watu wa Uluguru? Jibu lake limo katika historia ya nchi hii.

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jemadari Smuts yaliingia mji wa Morogoro. Askari wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini wakapita Mlali, wakaizunguka milima ya Uluguru, wakafika Kisaki mwezi wa Septemba. Katika vita vile farasi walikufa kwa maelfu, na nagana iletwayo na mbung'o ilikuwa mojawapo ya maradhi yaliyowamaliza. Walipewa arseniki, nayo ni sumu. Kwa kipimo kidogo ilimwongezea farasi siku za kazi, lakini haikumponya. Wanyama walipokwisha, mizigo haikuachwa njiani. Ilitwikwa vichwani mwa watu, na wapagazi wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Hata leo, punda achukuaye maji na mahindi akifa, mzigo wake huwarudia mama na watoto.

Vidudu vya damu tunavyovisema ni vya namna mbili, na yafaa kuvipambanua. Namna ya kwanza ni tripanosoma, viletavyo nagana. Huchukuliwa na mbung'o, ambaye hukaa katika vichaka vya nchi za chini, wala hapendi baridi ya milimani. Kwa hiyo punda aliye salama juu mlimani huweza kuupata ugonjwa akishushwa bondeni. Namna ya pili ni babesia na theileria, vichukuliwavyo na kupe, navyo huvunja chembe nyekundu za damu.

Dalili zake hufanana: homa, kukonda, udhaifu, na weupe wa ufizi. Basi macho peke yake hayatoshi. Mwiteni afisa mifugo achukue damu kidogo, ipakwe juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini. Mjini Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, nacho hufundisha waganga wa wanyama.

Sasa tuzitaje dawa. Kwa nagana hutumika diminazini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1955. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo moja ya uzito wa mnyama. Pakiti yenye gramu 1.05 ya dawa yenyewe imekadiriwa mnyama wa kilo 300. Punda wa kilo 150 hahitaji zaidi ya nusu yake. Lakini angalieni: farasi na punda hawaistahimili dawa hii kama ng'ombe. Ikizidi, mnyama hutokwa na mate, hutetemeka, hata huweza kufa. Kwa hiyo sindano na ichomwe na mtu aliyefundishwa, baada ya kuukadiria uzito.

Kwa vidudu vya kupe hutumika imidokabu. Nayo yataka hadhari, kwani huweza kumtia punda msokoto wa tumbo, na ikizidi sana humwua. Tena theileria ya farasi ni ngumu kuondoka. Mnyama hupona, lakini mara nyingi vidudu husalia katika damu yake.

Wako watu wagawanyao dawa ya mnyama mmoja kwa wanyama watatu, ili kuokoa fedha. Hiyo si akiba, ni hasara. Dawa pungufu huua vidudu dhaifu na kuacha vilivyo sugu, navyo huenea kwa mbung'o hata kwa mifugo ya jirani. Siku dawa ikishindwa, itakuwa imeshindwa kwa kijiji kizima.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Basi mwanyama akionyesha homa, semeni mapema. Mpimeni damu, mpimeni uzito, ndipo mtumie dawa. Mwangalieni kwa majuma kadhaa, kwani tripanosoma wengine hujificha katika ubongo, ambako diminazini haifiki vema. Na kila jioni mwondoleeni punda kupe masikioni na mapajani. Kazi hiyo haina gharama, na mtoto wa shule aiweza.