KUKU WA KROILA: CHANJO KWANZA
(Maneno yaliyosemwa mkutanoni)



Wengi wetu tunaulizia kuku wa kroila. Asili yake ni India, na kazi yake ni mbili: nyama na mayai. Jogoo anakua upesi kumpita wa kienyeji, na tetea anataga zaidi. Soko nalo lipo. Mwaka 2019 wizara zilianza kuhamia Mtumba, hapa jirani.

Lakini tuelewane. Kroila kwa kawaida haatamii, na vifaranga wake hawafikii wazazi. Kila mara ni kununua upya. Basi matetea wetu wa kienyeji tusiwamalize. Ndio wanaoatamia na kulea.

Adui ni yule yule, mdondo. Haubagui mgeni wala mwenyeji. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Chupa moja yatosha kuku wengi, ila ikishafunguliwa haikai. Kila mtu akinunua yake, nyingi itamwagwa. Kwa hiyo tuchange, tuchanje siku moja, nyumba hadi nyumba. Asiye na banda ajenge kwanza, ndipo anunue vifaranga.

Siku ya kuchanja itaandikwa hapa hapa ubaoni.