Klabu ni ya Nani?

(Mazungumzo aliyoyatoa mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali, mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wa mwaka wa chama chetu.)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze leo, aliniachia nichague mada mwenyewe, ila aliomba isiwe ya kuwalaza watu baada ya chakula. Kwa hiyo nimechagua mpira. Lakini nawatahadharisha mapema: mpira ninaokusudia hauchezwi uwanjani. Huchezwa mezani, kwa kalamu, mihuri na madaftari ya hesabu. Nataka tuulizane swali moja: mtu mwenye fedha nyingi anapoingia katika klabu ya wanachama, klabu hiyo inakuwa ya nani?

Najua humu ukumbini wamo watu wa Msimbazi na wamo watu wa Jangwani. Mimi ni wa Msimbazi, na sifichi. Lakini nawaomba ndugu zetu wa kijani na njano wasicheke mapema, kwa sababu zamu yao itafika.

Klabu ya Simba ilianza mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Yanga. Wazee waliiita kwa majina mbalimbali, na kwa miaka mingi ikajulikana kama Sunderland, jina la klabu ya Uingereza. Mwaka 1971 jina hilo la kigeni likaachwa, ikawa Simba. Katika miaka yote hiyo klabu haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa ya wanachama, wenye kadi, wenye matawi, wanaolipa ada wakikumbuka na kugombana kwenye mikutano mikuu wasiposahau. Mali zake, ikiwamo nyumba ya Kariakoo, zilikuwa chini ya wadhamini. Hapakuwa na hisa, wala mtu aliyeweza kusimama akasema, "Sehemu yangu ni hii, naiuza."

Tusidanganyane kwamba maisha hayo yalikuwa ya neema tupu. Fedha za kiingilio mlangoni na ada za wanachama hazikutosha kamwe kuendesha timu kubwa. Ndiyo maana tukamzoea mtu aitwaye mfadhili. Mfadhili alilipa usajili, akalipa kambi, siku nyingine akalipa hata nauli. Akichoka aliondoka, na mwenyekiti akaanza kumtafuta mwingine. Hakuna aliyeandika mkataba wa maana, kwa sababu fadhila haiandikiwi mkataba. Timu ilipanda mfadhili akiwa na furaha, ikashuka akinuna.

Mpaka mwaka 2017 Simba ilikuwa imekaa misimu mitano mfululizo bila ubingwa wa ligi. Mara ya mwisho ilikuwa msimu wa 2011/12. Katika hali hiyo ndipo wanachama walipokubali mabadiliko ya mfumo, yaani shughuli za klabu zihamie kwenye kampuni, na mwekezaji auziwe hisa. Tarehe 3 Desemba 2017 Ndugu Mohammed Dewji, mfanyabiashara aliyepata pia kuwa Mbunge wa Singida Mjini, alitangazwa kuwa mshindi wa zabuni hiyo. Ahadi yake ilikuwa shilingi bilioni 20. Serikali ilikuwa imekwisha kuweka msimamo kwamba katika klabu za wanachama, wanachama wabaki na asilimia isiyopungua 51. Kwa hiyo mwekezaji akawa wa asilimia 49.

Hapo mioyo ya watu ikagawanyika. Sisemi kwamba kundi hili lilikubali na kundi lile likakataa, ingawa na hao walikuwapo, na wengine walifika hadi mahakamani. Nasema moyo wa mtu mmoja uligawanyika ndani yake. Mzee mmoja wa tawi letu alikuwa akisema jioni moja, "Huyu bwana ametuokoa," na jioni ya pili, "Huyu bwana ametununua." Alimaanisha kauli zote mbili, na zote mbili zilikuwa na sababu.

Tuanze na ya kwanza, maana mkono mtupu haulambwi. Simba ilitwaa ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Katika Afrika, msimu wa 2018/19, ilifungwa mabao 5-0 huko Kinshasa na AS Vita, ikafungwa tena 5-0 huko Misri na Al Ahly. Timu zetu za zamani zingerudi nyumbani na kusema bahati haikuwa yetu. Hii ilirudi Uwanja wa Taifa ikawafunga Al Ahly 1-0, kisha ikawafunga Vita 2-1 na kuingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wachezaji waliolipwa mshahara wao, benchi la ufundi lililokamilika, uwanja wa mazoezi kule Bunju: hayo yote yana gharama, na wanachama peke yao hawakuwahi kuyalipia.

Sasa kauli ya pili. Uwanja ule wa Bunju ulipozinduliwa uliitwa Mo Simba Arena. Wengi walifurahia nyasi wasilitazame jina. Wengine waliona kwamba jina la mtu limetangulia jina la klabu. Ni jambo dogo, lakini mwenye nyumba hutambua upesi kiti chake kikihamishwa.

Januari 2020 likatokea kubwa zaidi. Simba ilifungwa na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar. Ndugu Dewji akatangaza mtandaoni kwamba anajiuzulu uenyekiti wa bodi. Muda mfupi baadaye alibadili kauli na kubaki. Hasira ya kufungwa kila mpenzi wa mpira anaijua, na simlaumu mtu kwa hasira. Ninachotaka mkione ni hiki: katika muda ule mfupi mamilioni ya mashabiki walishika roho mkononi, kwa ujumbe wa mtu mmoja. Klabu iliyokuwapo tangu 1936 ilijiuliza kama itaamka kesho.

Na zile bilioni 20? Swali hilo lilitembea mitaani kwa miaka. Julai 2021 mwekezaji alikabidhi hadharani mfano wa hundi ya kiasi hicho. Hata hivyo maswali hayakwisha. Fedha ziko katika akaunti gani, zinatumikaje, mchakato wa kisheria umefika wapi? Lakini angalieni wakati ambao maswali hayo yalipazwa sauti. Tangu 2017 mpaka 2021, vikombe vikija, aliyeuliza aliambiwa anataka kuvuruga klabu. Kuanzia msimu wa 2021/22, ubingwa ulipohamia Jangwani, kila mtu akawa mkaguzi wa hesabu. Je, swali lilikuwa la fedha, au lilikuwa la kombe? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari halina msimu wa kushinda wala msimu wa kushindwa.

Sasa ndugu zetu wa Jangwani, nimefika kwenu. Mwaka 2016 ninyi nanyi mlijadili kumkodisha klabu mwenyekiti wenu, marehemu Yusuf Manji, kwa miaka 10. Jambo lile halikufika mbali. Mei 2017 alijiuzulu, na timu iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo ikaanza kutembeza bakuli kwa wanachama ili iweze kusafiri na kulipa wachezaji. Ubingwa haukurudi Jangwani mpaka msimu wa 2021/22. Siyasemi haya kwa kuwacheka. Nayasema kwa sababu ugonjwa wetu ni mmoja, tofauti ni rangi ya jezi tu.

Na si ugonjwa wa Dar es Salaam peke yake. Vijana wengi humu mnafuata ligi ya Uingereza kuliko yetu, kwa hiyo nitatoa mifano miwili ya huko. Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua Manchester United kwa fedha zilizokuwa kwa sehemu kubwa za mkopo, na deni likabebeshwa klabu yenyewe. Baadhi ya mashabiki walikasirika hata wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester. Wengine waliichukia familia hiyo huku wakishangilia mataji yaliyofuata.

Oktoba 2021 Newcastle United iliuzwa kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 305, na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ukachukua asilimia 80. Mashabiki walijaa nje ya uwanja wao wakiimba, kwa kuwa walikuwa wamemchoka mmiliki aliyekaa miaka 14. Lakini watu wa haki za binadamu waliuliza juu ya mwandishi Jamal Khashoggi, aliyeuawa mwaka 2018 ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul, na wapo mashabiki wa Newcastle wenyewe waliouliza hivyo hivyo. Machi 2025 timu ikaifunga Liverpool 2-1 na kutwaa Kombe la Ligi, kombe kubwa la kwanza la nyumbani tangu 1955. Watu wazima walilia kwa furaha, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini kombe halikulijibu swali la Khashoggi, kwa sababu halikuwa swali la mpira.

Mtaniambia sisi tuna kinga ambayo Waingereza hawana, ile asilimia 51. Ni kweli, na si haba. Ujerumani nao wana kanuni ya namna hiyo, ambayo kwa klabu nyingi huwaachia wanachama zaidi ya nusu ya kura. Lakini nimefanya kazi ofisini miaka mingi, nimekaa katika vikao vingi, na jambo moja nimelishuhudia. Asilimia 49 iliyo mkononi mwa mtu mmoja huhudhuria kila kikao. Ina mwanasheria, ina mhasibu, imesoma makabrasha usiku kabla ya kuja. Asilimia 51 iliyotawanyika kwa maelfu ya watu ambao hawajalipa ada, hawajaisoma katiba, na wanafika kwenye mkutano mkuu kwa ajili ya fulana, hiyo ni asilimia 51 ya karatasi. Kura nyingi zisizofika kikaoni haziwezi kuizuia kura moja iliyofika.

Kwa hiyo sikuja kuwaambia mumkatae mwekezaji. Klabu isiyo na fedha ni mzigo, na mwekezaji anayetaka hesabu za kampuni ni afadhali kuliko mfadhili anayetoa fedha mfukoni na kuondoka nazo kichwani. Wala sikuja kuwaambia mpige magoti. Nimekuja na maswali matatu ambayo mwanachama ayaulize siku timu imeshinda, asingoje ifungwe.

La kwanza: kilichoahidiwa kimeandikwa wapi, na kimelipwa kiasi gani? La pili: akiondoka kesho asubuhi, kwa hiari au kwa hasira, nini kitabaki mikononi mwetu? Uwanja una hati kwa jina la nani? La tatu: jina, rangi, nembo na nyumba ya klabu vinaweza kubadilishwa au kuuzwa kwa sahihi ya nani?

Anayeuliza maswali haya huku anaipenda timu si msaliti. Yule mzee wa tawi letu mwenye mioyo miwili ndiye mwanachama ninayemwamini. Mwenye moyo mmoja wa kushangilia tu ataamka siku moja akute kila kitu kimeuzwa. Mwenye moyo mmoja wa kununa tu ataamka akute timu imeshuka daraja, na yeye amebaki na kadi yake.

Ninyi wanafunzi, pengine mnajiona mbali na haya. Hamko mbali. Mnacho chama cha mpira hapa shuleni, kina mwekahazina na kina daftari. Mmewahi kulisoma? Nasi wakubwa, chama chetu hiki nacho ni cha wanachama. Siku atakapokuja mwenzetu mmoja aliyefanikiwa akasema atajenga bweni peke yake, tumpokee kwa mikono miwili na tumshukuru kwa dhati. Kisha tukae naye mezani tuandike. Lakini ili tuwe na haki ya kukaa mezani, kwanza tulipe ada. Mweka hazina amenionyesha orodha kabla sijapanda hapa, na kwa heshima ya mkutano huu sitaisoma.