Msimu wa Miwa Usile Nyumba Yako

*Hotuba ya mama mkulima kutoka upande wa Busia, kipindi cha familia, siku ya pili ya maadhimisho yetu*

 

 Wa Uganda mliovuka asubuhi ya leo, karibuni. Wa Tanzania mliokesha kwenye basi, poleni na safari, mmefika nyumbani.

Nimeambiwa nizungumze juu ya mkulima na familia yake wakati wa mavuno. Mimi si mhubiri. Mimi ni mkulima wa miwa na mama wa watoto wanne, kwa hiyo nitasema habari ya miwa. Wale wa mpunga, wa kahawa na wa samaki, mtapima wenyewe. Baba watoto wangu ameketi pale mstari wa tatu. Nikitia chumvi, mtamsikia akikohoa.

Jambo langu ni moja tu. Msimu wa mavuno upangwe nyumbani, baba na mama wakiwa wameketi pamoja, kabla panga la kwanza halijaingia shambani. Mpange muda, mpange chakula, mpange na pesa. Msipopanga, msimu utawapangia, na msimu hauna huruma.

Wengi hapa mnajua miwa ilivyo. Kwetu magharibi mwa Kenya, miwa mipya hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo iko tayari kukatwa. Muda huo wote unapalilia, unatia mbolea, unalipa karo kwa kukopa. Halafu siku ikifika, kila kitu kinakuwa haraka. Muwa ukishakatwa, sukari iliyo ndani inaanza kupungua. Inatakiwa ifike kiwandani na kusagwa ndani ya siku moja au mbili. Ikikaa kando ya barabara siku nne ikingoja trela, unapoteza uzito na unapoteza sukari. Kule Kilombero, ambako malipo yanaangalia pia kiwango cha sukari na siyo uzito pekee, mkulima anaumia mara mbili.

Kwa hiyo siwalaumu wababa wanaokimbia. Miwa ikishakatwa, ni lazima mtu akimbie.

Lakini hebu tuangalie vizuri. Shamba la eka mbili tatu, wakataji wakija wengi, linakatwa kwa siku chache tu. Mbona basi baba anapotea nyumbani miezi miwili? Jibu mnalijua. Ni kungoja. Anangoja kibali cha kukata. Anangoja wakataji. Anangoja trekta, na trekta likija anafuatana nalo hadi mzani, na pale mzani kuna foleni. Baada ya hapo anangoja malipo. Na kungoja kuna marafiki zake: kuna kibanda cha chai, kuna karata, na kuna mahali pengine ambapo sitapataja mbele ya Baba Askofu.

Na kungoja huko hatukutawali. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha usagaji upande wetu kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imepungua. Kule Kilombero mvua za masika zikishika, kiwanda kinafunga mpaka zikatike. Ukiwa umeweka nyumba yako ingoje mpaka miwa iishe, nyumba itangoja mpaka ichoke.

Kuna wenzetu wa mbali wanaopata sukari kwa njia nyingine. Huko Marekani, katika bonde la mto Red, kati ya Minnesota na North Dakota, wanalima mzizi mnene mweupe, jamaa ya bitiruti, wanaukamua sukari. Hata Misri, hapa hapa Afrika, wanaulima kwa wingi. Mavuno makubwa ya bonde lile huanza mwanzoni mwa Oktoba, na hali ya hewa ikikubali huisha kwa muda wa wiki mbili hivi. Ni usiku na mchana, malori hayalali. Joto likizidi wanasimama, maana mizizi yenye joto ikirundikwa inaoza. Baridi ikiigandisha wanasimama pia.

Nimewataja kwa sababu hii. Mkulima yule hawezi kutawala joto wala baridi, lakini mwezi wake wa kazi anaujua tangu mapema. Mke wake anaweza kujua ni wiki gani atakuwa peke yake na watoto, na ni lini mzigo huo utaisha. Mwanamke anaweza kuvumilia wiki mbili ngumu akijua ni mbili. Kinachomvunja moyo ni msimu usio na mwisho, ambao kila akiuliza anajibiwa, "Nyamaza, ni mambo ya miwa."

Sasa fungueni nami 2 Wafalme sura ya 4, kuanzia mstari wa 18. Ile habari ya mama Mshunami tunaihubiri sana upande wa muujiza, na ni sawa. Leo tuiangalie upande wa mavuno. Mtoto alimfuata baba yake kwa wavunaji. Kichwa kikamuuma. Baba akamwambia mtumishi ampeleke kwa mama yake. Mtoto alikaa magotini pa mama hadi adhuhuri, akafa. Mama akamlaza kitandani kwa mtumishi wa Mungu, akafunga mlango, akamwomba mumewe punda na kijana wa kumsindikiza. Na baba akauliza kwa nini anakwenda siku hiyo, maana haikuwa mwandamo wa mwezi wala sabato.

Mmeliona? Mtoto amelala amekufa ndani ya nyumba, na baba bado anauliza kalenda.

Biblia haisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na mavuno. Wengi wetu tungefanya vile vile: mtoto analia, apelekwe kwa mama yake, kazi iendelee. Lakini ninawauliza wababa, na sisi wamama wakulima ninatuuliza pia: jioni ile ukirudi kutoka shambani, utajua kilichotokea nyumbani mwako mchana? Au utakuta mlango umefungwa na hujui ni kwa nini?

Basi tufanyeje? Nitasema mambo manne tunayoyafanya kwetu. Ni madogo, mtu yeyote anaweza kuyafanya.

La kwanza, kungoja kugawanywe. Siyo lazima baba angoje kila kitu peke yake. Sisi tunakubaliana na majirani watatu ambao miwa yao inakatwa karibu na yetu. Leo mmoja anafuata matrela ya wote hadi mzani, kesho mwingine. Tiketi za mzani anazileta zote jioni. Asiye zamu analala kwake na anakula na watoto wake. Lakini hili linataka uaminifu, na ndiyo maana ninawaambia ninyi mliookoka: ikiwa hatuwezi kuaminiana kwa tiketi ya mzani, tunaaminiana kwa nini?

La pili, siku ya pumziko ibaki siku ya pumziko. Someni Kutoka 34:21. Mungu alipoagiza pumziko la siku ya saba, pale alitaja waziwazi wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Unafikiri kwa nini? Kwa sababu anamjua mkulima. Alijua tutasema, "Bwana, siku nyingine sawa, lakini wiki hii kuna trekta." Trekta likija Jumapili, kwetu linapakiwa na wale tuliopatana nao mapema, au linangoja. Mara mbili limeondoka tupu. Pesa tulizikosa, sitawadanganya. Lakini watoto wangu wanajua kuna siku moja ambayo hata miwa haituondoi mezani.

Na siku nyingine za juma, chakula kifuate watu. Katika Ruthu 2:14 mnamwona Boazi akiketi kula pamoja na wavunaji wake. Mwenye shamba! Mama akipeleka chakula shambani, baba asikipokee huku amesimama kama askari. Keti. Dakika ishirini. Uliza habari za nyumbani.

La tatu, watoto. Hapa naomba tusikilizane. Mtoto kubeba maji ya wakataji Jumamosi ni malezi. Mtoto kuacha darasa ili akate na kupakia miwa ni jambo jingine kabisa. Wa Busoga mnalijua hili, na upande wetu pia lipo. Kijana wa miaka 13 akishaonja mshahara wa panga, kumrudisha darasani ni kazi ngumu kuliko kung'oa kisiki. Na tunajidanganya tukisema miwa ndiyo inayolipa karo, halafu miwa hiyo hiyo ndiyo inayomtoa mtoto shuleni.

La nne ni pesa, na hapa wamama mtaniunga mkono. Pesa ya miwa inakuja mara moja baada ya muda mrefu, tena ikiwa imeshakatwa: gharama ya kulima, mbegu, mbolea, kukata, usafiri. Mara nyingi mama aliyepalilia ile miwa hajui hata tani zilikuwa ngapi. Jina kwenye mkataba ni la baba, akaunti ni ya baba, simu ni ya baba. Siku ya malipo baba anaoga mapema, anavaa koti, anakwenda mjini. Kuna wanaorudi na mabati. Kuna wanaorudi baada ya wiki wakiwa hawana kitu. Na kuna wanaorudi na mke wa pili. Msicheke. Baadhi yenu mmelelewa katika nyumba hizo.

Kwetu tiketi za mzani zinakaa kwenye bati la biskuti juu ya kabati, na sote tunazisoma. Karatasi ya malipo inasomwa mezani, hata makato, hata yale yanayouma. Mtoto mkubwa ndiye anayejumlisha. Kabla pesa haijaingia, tumeandika matumizi kwa mpangilio: zaka na sadaka, karo, deni, mbolea ya miwa itakayochipua tena, halafu nyumba. Pesa ikiingia inakuta orodha inaisubiri. Baba watoto aliniambia mara ya kwanza alijiona kama anakaguliwa. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayeitisha kikao. Mnaona hajakohoa.

Na kabla sijasahau, ndani ya kikao hicho mkubaliane pia juu ya ardhi. Usipande miwa mpaka mlangoni. Bakiza mahali pa mahindi, maharagwe na mihogo. Sukari haijazi tumbo la mtoto, na kununua unga mwaka mzima huku una eka tatu ni kujifanya maskini kwa mikono yako.

Kwa wale ambao msimu umeshawachukua, ambao tangu mwaka jana hamjaketi mezani pamoja, sina neno la kuwahukumu. Miwa ikishakatwa, shina linabaki ardhini. Ukilipalilia mapema linachipua, unavuna tena. Ukiliacha, magugu yanalimeza. Nyumba nyingi zilizomo humu ndani bado zina shina. Zinangoja jembe.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya mkesha, ninaomba kila baba na mama waliokuja pamoja waketi dakika kumi. Mliokuja peke yenu, pigeni simu nyumbani. Ulizaneni maswali manne. Msimu huu nani atangoja siku gani? Ni siku gani ya juma hatutaigusa? Nani ataangalia daftari za watoto? Na pesa ikiingia, itafanya nini kwanza? Andikeni majibu kwenye karatasi mkaibandike ukutani, mahali ambapo watoto wanaweza kuisoma.

Bwana wa mavuno abariki mashamba yenu, abariki na meza zenu. Mungu awabariki sana. Amina.